Mwalimu wa fizikia wa Kamina ambaye hajawahi kushika usukani, na boost ya Land Cruiser yangu

Wakuu, salamu kwenu mlio gereji, mlio barabarani, na ninyi mlio ofisini mnaosoma nyuzi huku bosi anadhani mnafanya kazi.

Mimi humu ni msomaji tu, huwa siandiki. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita niliona watu wakibishana kuhusu boost, ule upepo wa turbo, mpaka wakatukanana. Mmoja anasema mwisho psi 10, mwingine anasema 15, mwingine anasema kama unaogopa boost uza gari ununue punda.

Nikakumbuka safari moja. Nitaieleza kama ilivyokuwa. Pale ambapo sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki, na pale nilipokuwa mjinga nitasema pia.

Mimi ni fundi, mtoto wa Mbeya. Huu mwaka wa tatu niko Kamina, Haut-Lomami, Congo. Kwa wasiopajua, ni mji wa reli, udongo mwekundu, mihogo kila upande, baiskeli nyingi kuliko magari. Nilikuja na tajiri mmoja wa malori, nikabaki kumtunzia magari yake.

Kiswahili cha huku kina utamu wake. Mimi ni "minyi", wewe ni "weye", ndiyo ni "njo", watu ni "bantu", na kila kitu "iko". Miezi ya kwanza nilikuwa nacheka. Siku hizi nikipiga simu nyumbani wananicheka wao.

Sasa tuje kwenye gari.

Tajiri ana Land Cruiser hardtop, injini 1HZ. Mafundi mnaijua. Ni injini ngumu kama jiwe lakini ilizaliwa bila turbo. Ukiifungia turbo lazima uwe na adabu nayo, maana ukiibana sana silinda hedi inapasuka.

Mimi niliifungia turbo, nikaweka intercooler, kile kipoza upepo, juu ya injini, na pampu ya dizeli inayofuata boost. Yaani boost ikipanda, na dizeli inaongezeka yenyewe.

Halafu nikaleta koki ndogo ya kurekebisha boost mpaka ndani, katikati ya dereva na abiria. Unaizungusha kama unaongeza sauti ya redio. Ukiifunga kabisa unapata psi 6, ukiifungua unapanda mpaka 14 na ushee.

Mimi nilikuwa naiacha kwenye 14. Siku zote, kila barabara. Watu wa Kamina wakisikia ule mluzi wanageuka, na mimi nilikuwa napenda wageuke. Huo ndio ukweli, sina sababu nyingine ya kitaalamu.

Ilikuwa msimu wa mvua. Tajiri yuko Lubumbashi, akanipigia simu jioni moja.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia kwenye kambi za wavuvi kando ya ziwa Kisale, huko Kinkondja na mbele yake. Hospitali ilikuwa na katoni za sérum, yaani zile chupa za maji ya dripu, za kupeleka kwenye kituo kimoja cha afya mbele ya Kinkondja. Treni ambayo ingezisogeza haikuwa imekuja. Gari la hospitali liko juu ya mawe.

"Rama, peleka wewe," tajiri akasema. "Na usinivunjie gari."

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye geti la hospitali, katoni zinapakiwa mpaka zinagusa paa. Akaja mama mmoja, umri kama wangu, amevaa kitenge na raba za turubai, ana mkoba na daftari.

"Papa Rama? Minyi Madame Numbi. Njo minyi nitakuonyesha njia."

Alikuwa mwalimu wa fizikia kwenye shule ya sekondari ya Wamethodisti. Kwao ni kule ziwani. Mdogo wake, Odette, ndiye muuguzi wa kile kituo tunachokwenda, na Odette ndiye aliyempigia simu kusema sérum zilizobaki hazimalizi siku mbili.

Nikamuuliza kama anajua kuendesha, tusaidiane.

"Sijaendesha ata kinga," akasema. Kinga huku ni baiskeli.

Nikajisemea moyoni, sawa, nimepata wa kunionyesha njia na kusinzia.

Tukaondoka. Kipande cha kwanza ni changarawe iliyoshindiliwa, mvua ilikuwa haijanyesha siku mbili, barabara safi. Nikaitia gari 80, 90, mluzi unalia, katoni zinatikisika nyuma. Nilikuwa nasikia raha kwa kweli.

Madame hakusinzia. Alikuwa anaangalia zile geji mbili nilizofunga juu ya dashibodi.

"Hii sindano iko nasema nini?"

Nikamwambia hiyo ni boost, upepo ambao turbo inausukuma ndani ya injini. Na ile nyingine ni joto la moshi unaotoka kwenye silinda, kabla haujafika kwenye turbo. Nikamwambia ile ya joto isivuke nyuzi 700, ikivuka ni hatari.

Akafungua daftari, akachora mistari minne. Saa, mwendo, boost, joto. Kila baada ya muda anaangalia, anaandika. Sikujua anaandika za nini. Nikadhani ni mambo ya walimu, hawawezi kukaa na penseli bila kuitumia.

Baada ya kama saa mbili njia ikaacha changarawe ikaingia mchanga. Sio mchanga wa ufukweni. Ni ule mwekundu mwepesi, malori yameusaga mpaka umekuwa kama unga, gurudumu linazama nusu.

Nikashuka gia ya pili, nikakanyaga. Gari linanguruma, mluzi unapanda, tunakwenda kilomita 20 kwa saa, wakati mwingine 15.

Madame akasema taratibu, "Papa Rama, sindano ya moto iko napanda."

Nikamwambia, "Madame, kwenye mchanga ni nguvu tu. Nguvu ndiyo boost. Niachie hili."

Nilicheka kidogo nilivyosema hivyo. Nakumbuka nilicheka.

Hakusema tena. Akaendelea kuandika. Tukaenda hivyo karibu saa nzima. Mimi macho kwenye njia, mikono kwenye usukani, namwaga jasho. Geji sikuziangalia kama inavyotakiwa.

Kilichonishtua ni harufu. Ile harufu tamu ya maji ya rejeta. Kuangalia, joto la maji liko kwenye nyekundu na geji ya moshi inasema 760.

Nikasimama, nikaacha injini inaunguruma taratibu ili turbo isife, nikafungua boneti. Ukatoka mvuke wa kuweza kupika ugali.

Wakuu, nilikaa chini kwenye mchanga. Najua 1HZ. Nilikuwa nasubiri tu kuona mapovu kwenye maji ya rejeta, maana mapovu yangekuwa na maana hedi imepasuka. Hedi ikipasuka pale, kwenye njia ambayo inaweza kupita siku nzima bila gari, zile katoni zingebaki pale pale.

Tulisubiri injini ipoe. Sio dakika kumi. Tulipoteza saa tatu pale kwa kupoza, kutafuta maji kwenye kijito, kuchuja, kujaza, kuwasha, kusikiliza.

Hakukuwa na mapovu. Sijui kwa nini. Gari ilinisamehe.

Nikaanza kulaumu rejeta, nikalaumu dizeli, huku dizeli inauzwa kwenye madumu na huwezi kujua ina nini. Madame alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari, daftari magotini. Aliniacha nikamaliza kulaumu.

Halafu akasema, "Kuya uone."

Akanionyesha. Kwenye changarawe, boost 14, mwendo 85, joto la moshi 590, halipandi. Kwenye mchanga, boost ile ile 14, mwendo 18, joto 640, 680, 710, linapanda kila akiangalia, halijawahi kushuka hata mara moja.

"Boost iko moja," akasema. "Moto iko mbili. Kile kimebadilika ni mwendo. Juu ya nini?"

Yaani kwa nini, aliniuliza kama anavyomuuliza mwanafunzi wake. Na mimi nikajibu kama mwanafunzi, nikasema sijui.

"Weye unapuliza kinga na pompe, pompe inakuwa moto ku mwisho, ao hapana?"

Nikasema inakuwa moto.

"Njo ile. Mupepo ukiifinya inakuwa moto. Mashini yako inafinya mupepo, inaingia tayari moto. Ile sanduku ya juu," akaonyesha intercooler, "inapoza na nini?"

"Na upepo wa mbele."

"Na ku kilomita kumi na nane, mupepo ya mbele iko wapi?"

Nikaitazama, wakuu. Mimi ndiye niliyeifunga ile intercooler kwa mikono yangu, nilichonga mabano yake mwenyewe. Huyu mama alikuwa hajui jina lake, anaiita sanduku ya juu, na ameielewa kuliko mimi.

Nikajaribu kujitetea. Nikamwambia lakini mchanga unahitaji nguvu.

Akanyanyuka, akanipeleka nyuma ya gari. Akaonyesha njia tuliyopita. Kulikuwa na mashimo, pale ambapo magurudumu yalizunguka bila kusogea.

"Ile nguvu ilienda wapi? Ilichimba."

Kisha akaniambia habari ya baba yake. Alikuwa mhunzi, kwenye kijiji cha upande wa Bukama karibu na Katoto, anafua majembe, kabla hawajahamia ziwani. Yeye Madame akiwa mtoto ndiye aliyekuwa anavuta mivuba, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto. Anasema siku ya kwanza alivuta kwa nguvu zote akidhani ndiyo kazi nzuri. Chuma kikaanza kurusha cheche nyeupe, kikaharibika. Baba yake hakumpiga. Alimwonyesha lile jembe likiwa na matundu kama limeliwa na panya, akamwambia, "Chuma inaungua pia. Usipulize moto, angalia chuma."

"Minyi sijue gari," akasema Madame. "Najua ile tu."

Basi. Nikapunguza upepo wa matairi, hilo nilikuwa nalijua, sema uvivu ulinifanya niruke. Nikaingiza gia ndogo ya four wheel, ili injini izunguke haraka bila kubeba mzigo mkubwa na feni nayo izunguke.

Halafu nikamwambia, "Madame, koki hii hapa. Ishike wewe. Mimi nitaendesha."

Akaniangalia kuona kama natania. Sikuwa natania.

Akaifunga mpaka 6.

Wakuu, nilitegemea gari lilale. Halikulala. Liliondoka polepole kama ng'ombe wa jembe, halitoi mluzi, halichimbi, linatembea tu juu ya ule unga. Baada ya dakika ishirini nikauliza joto ngapi.

"Mia tano na makumi inne."

Nikarudia kuuliza baadaye. Mia tano na hamsini. Mchanga ule ule, jua limezidi kuliko asubuhi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba kwenye ufundi. Nimefunga turbo nyingi sijui hata idadi. Sikuwahi kuisikia injini ikifanya kazi ngumu kwa utulivu namna ile. Na huyo mama pembeni anaandika tu.

Mchanga ulipoisha tukapata changarawe tena. Akafungua koki mpaka 10, akasubiri, akaangalia, akaongeza 12. Akaacha hapo.

"Hauendi 14?" nikauliza.

"Unapata nini ku kumi na ine kile haukupate hapa?"

Nikaangalia mwendo. Ulikuwa ule ule wa asubuhi, tofauti labda kilomita tatu.

Mchana mvua ikashuka. Njia ikawa tope, lile la utelezi kama sabuni. Hapa alinishangaza tena. Aligundua mwenyewe kwamba tatizo la tope sio joto, joto lilikuwa chini. Tatizo ni kwamba turbo inachelewa, halafu nguvu inakuja kwa pamoja na magurudumu yanateleza. Alikuwa anasikia mkupuo ule kwenye kiti, anasema unamsukuma mgongoni. Akarudisha 6 ili mkupuo uwe mdogo. Nikawa naweza kuliongoza gari kwa mguu wa kulia kama nashika uzi.

Kuna mahali mto mdogo ulikuwa umepanda juu ya njia, maji ya kufika magotini. Hapo ndipo na mimi nilipopata alama yangu moja. Tulikuwa tumetoka kupanda, turbo ina moto. Nikasimama kabla ya maji, nikamwambia tusubiri.

"Juu ya nini?"

Nikamwambia turbo na bomba lake ni chuma cha kumimina, kikiingia kwenye maji baridi kikiwa chekundu kinapasuka.

Akatikisa kichwa, akaandika. Halafu akasema, "Ile ni muzuri. Ile sikujua." Nilijisikia kama nimepewa cheti.

Usiku tulilala kwenye parokia ya Wakatoliki njiani, kwa mvua ile njia haifai kuendeshwa gizani. Padri alitupa bukari, ndiyo ugali wa huku, na samaki. Madame alikula kidogo. Mtandao wa simu haukuwepo tangu mchana, hajui kwa Odette kuna nini.

Asubuhi ya pili ndiyo ile nitakayoikumbuka mpaka naingia kaburini.

Kabla ya kushuka bonde la ziwa kuna mlima. Sio mkubwa wa kuandikwa kwenye ramani, lakini ni mrefu, kama kilomita tatu, na mvua ilikuwa imeuosha. Chini ni tope. Katikati ni udongo mgumu wenye mifereji. Juu ni mwamba mtupu na upepo. Malori mawili yalikuwa yamekwama pembeni, moja lilikuwa na siku ya tatu. Madereva walikuwa wamewasha moto wanachemsha mihogo.

Mmoja akaja dirishani, akaniita mzee kwa Kifaransa. "Haitawezekana, vieux. Rudia."

Nikazima gari. Tukashuka, mimi na Madame, tukaupanda ule mlima kwa miguu mpaka juu na kurudi. Ilituchukua karibu saa nzima. Mimi nilikuwa naangalia pa kupitisha magurudumu. Yeye alikuwa anahesabu hatua na kuandika. Chini kuna hatua ngapi za tope, ngapi za udongo, ngapi za mwamba.

Tuliporudi akaniambia mpango wake. Kwenye tope 6. Udongo ukianza 9. Tukifika kwenye mwamba 12, kwa sababu gurudumu litashika na upepo wa juu utapoza, lakini joto likifika 680 atapunguza bila kuniuliza.

"Na weye usisimame," akasema.

Nikaanza. Nilikuwa na woga ambao sijawahi kuwa nao kwenye gari. Sio woga wa kuanguka. Ni kwamba nilikuwa nimemkabidhi mtu mwingine injini yangu.

Tope tukalipita tukiyumba, mkia wa gari unataka kwenda kulia, narudisha, unataka tena. Sikuongeza mafuta. Nilitamani sana kuongeza.

"Udongo," akasema, na nikasikia mluzi unaamka kidogo. "Kenda."

Gari likavuta pumzi. Sijui niseme vipi. Lilikuwa linasukumwa na mkono ambao una kipimo.

"Joto?"

"Mia sita na kumi. Enda."

"Mwamba." Akazungusha. "Kumi na mbili."

Matairi yakauma jiwe. Hapo nikakanyaga, na ile 1HZ ikapanda na katoni zake zote kama haina kitu nyuma. Joto likaenda 650, 670. Nikamwona anaweka vidole kwenye koki. Halafu upepo wa juu ukatupiga usoni kupitia madirisha, sindano ikasimama, ikaanza kurudi.

Tulipofika kileleni nilisimamisha gari, nikaacha injini iungurume. Mbele yetu chini kulikuwa na bonde lote, maji yanang'aa, mafunjo kijani mpaka macho yanaishia, na Lualaba inapita katikati. Sikuwa nimewahi kuliona. Lakini nakiri sikuliangalia sana. Nilikuwa nawaza kuhusu huyu mtu aliye pembeni yangu, ambaye siku moja kabla hakujua boost ni nini.

"Tuende, Papa Rama," akasema. "Odette iko nangoja."

Tulifika saa nane mchana.

Kituo kilikuwa na vyumba viwili, wagonjwa walikuwa wamejaa mpaka kwenye darasa la jirani, wamelala kwenye mikeka. Harufu ya klorini. Odette alitoka, msichana mwembamba, macho mekundu. Hakumkumbatia dada yake. Alisema tu, "Shusha," tukaanza kushusha. Watu wa pale nao wakaja kupokea katoni mlangoni, na ndani ya muda mfupi kila mkeka ulikuwa na chupa imening'inia juu yake.

Waliokuwa hai tulipofika, wote walipona. Odette alimwambia dada yake baadaye kwa simu.

Lakini kuna mkeka mmoja ulikuwa umekunjwa pembeni.

Odette alitueleza jioni, akiwa amekaa kwa mara ya kwanza. Asubuhi ile alibakiwa na chupa moja na watu wawili wenye hali mbaya zaidi. Mmoja mvuvi, baba wa makamo kutoka kambi ya ng'ambo. Mwingine mama kijana anayekausha samaki. Odette alikwenda kwa yule baba kwanza kwa sababu mshipa wake ulikuwa bado unaonekana. Yule baba akauvuta mkono wake, akauficha chini ya blanketi. Hakuwa na sauti tena. Akaonyesha kwa kidevu upande wa yule mama, na chupa ikaenda kwake.

Yule baba alifariki saa sita. Sisi tulifika saa nane.

Nilitoka nje. Mnajua nilikuwa nahesabu nini. Saa tatu za mchangani. Bila zile saa tatu tungelala mbele zaidi, tungeupita ule mlima mapema, tungefika saa tano. Saa tano yule baba alikuwa hai.

Sikulala vizuri. Kesho yake tukiwa tunarudi, gari jepesi, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia Madame, yule mtu amekufa kwa sababu ya koki yangu. Kwa sababu nilitaka watu wageuke wasikie mluzi.

Alifungua daftari, akarudi kwenye ukurasa wa mchanga.

Halafu akasema, "Papa Rama, minyi niliona ile sindano inapanda saa moja muzima. Niliandika kila mara, mia sita, mia saba. Nilijua iko mubaya. Niliwaza, ni gari ya mwanaume, iko fundi, minyi mwalimu tu, nitasema nini. Nikanyamaza."

Akaangalia nje.

"Ile saa haiko yako peke yako. Iko yetu bawili."

Nikaendelea kuendesha. Tulipofika kwenye mchanga akanyoosha mkono akafunga koki bila mimi kumwambia.

Wakuu, kitaalamu nilichojifunza ni hiki. Hakuna namba moja ya boost. Mchanga na mwendo mdogo, punguza, maana intercooler haina upepo. Tope, punguza pia, kwa sababu nyingine kabisa. Barabara nzuri ongeza, lakini jiulize unapata nini kwenye zile psi za mwisho. Mlima, upande kwanza kwa miguu. Na kama gari lako halina geji ya joto la moshi, usiguse koki.

Lakini hilo mngelipata hata kwa fundi mwingine.

Ninalobaki nalo ni lingine. Aliyejua alikuwa pembeni yangu, kwenye kiti cha abiria, na alishasema mara moja kwa upole. Nikacheka. Siku hizi mtu yeyote akipanda gari langu, awe mama wa sokoni au mwanafunzi, akiniambia anasikia kitu, nasimama.

Haya, uwanja wenu. Wenye 1HZ yenye turbo, mnatembea na ngapi kwenye mchanga na joto linafika wapi? Na kama kuna siku abiria wako alijua jambo kuliko wewe dereva, andika hapa. Nitasoma yote, hata ya wale wa punda.